Tangazo linapotangulia mjumbe: simu janja, ujumbe wa sauti na taarifa za Serikali Soitsambu

Na Mwandishi Wetu, Ngorongoro

Mwezi Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Mfugaji alihitaji kujua mambo machache tu: magonjwa yanayokingwa, wanyama wanaohusika na kiasi cha kuchangia, ambacho baada ya ruzuku ya Serikali kilitangazwa kuwa shilingi 500 kwa ng'ombe na shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo, huku kuku wakichanjwa bila malipo.

Kwa mfugaji wa Kata ya Soitsambu, Tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, bei hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni siku na mahali. Mifugo huwa malishoni, pengine mwendo mrefu kutoka bomani, na kuirudisha kwa siku isiyo yenyewe ni kupoteza malisho, maji na nguvu za vijana wanaoichunga. Tarehe moja ikikosewa, hasara yake haiandikwi popote, lakini ipo.

Kwa miaka mingi taarifa ya aina hii ilifuata njia inayojulikana. Ilitoka wizarani, ikapita mkoani na katika halmashauri, ikamfikia mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Ikasomwa katika mkutano wa kijiji au ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Redio ilisaidia, na Loliondo FM, redio ya kijamii, imekuwa sehemu ya njia hiyo. Mwananchi aliyeisikia alijua imetoka kwa nani, na kama hakuelewa alijua amuulize nani.

Siku hizi mpangilio huo umepinduka. Mara nyingi taarifa humfikia mwananchi kabla haijamfikia mwenyekiti wake. Huingia katika kundi la WhatsApp kama picha ya barua, au kama ujumbe wa sauti wa dakika mbili, umetumwa na ndugu aliye Arusha ambaye naye alitumiwa na mwingine. Mtendaji anapofika na barua yenyewe, hukuta watu wamekwisha kuamua.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonesha ukubwa wa mabadiliko hayo nchini. Mwishoni mwa mwaka 2020, laini zilizokuwa zikitumia intaneti zilikuwa takribani milioni 28.5. Mwishoni mwa mwaka 2024 zilikuwa zimefika takribani milioni 48. Hapa panahitaji ufafanuzi, kwa kuwa tarakimu hizi husomwa vibaya mara kwa mara. TCRA huhesabu laini zilizo hai, haihesabu watu. Laini zote za simu nchini zilikuwa zaidi ya milioni 86 mwishoni mwa 2024, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo watoto wachanga. Mtu mmoja mwenye laini tatu huhesabiwa mara tatu. Upande wa pili, simu moja janja katika boma inaweza kuwa macho na masikio ya watu kumi, ambao hakuna hata mmoja wao anayeonekana katika takwimu hizo. Kwa maeneo ya wafugaji, jambo hili la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Mtandao wenyewe umefika kwa hatua. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingezipeleka. Tarehe 13 Mei 2023 ilitiwa saini jijini Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Katika tarafa hii hii ya Loliondo, Kijiji cha Ololosokwan kilipata mapema kituo cha kidijiti kinachotumia umeme wa jua, kwa ushirikiano wa UNESCO na kampuni ya Samsung. Hata hivyo mnara ni mwanzo tu. Baada yake kuna bei ya simu, bei ya kifurushi, mahali pa kuchaji, na lugha.

Lugha ndiyo inayoeleza kwa nini ujumbe wa sauti umepata nafasi kubwa kiasi hiki. WhatsApp iliongeza huduma hiyo mwezi Agosti 2013. Kwa anayesoma na kuandika kwa urahisi, sauti ni njia ya mkato tu. Kwa mzee asiyesoma, au mama anayezungumza Kimaasai kwa ufasaha kuliko Kiswahili, ni mlango uliofunguliwa kwa mara ya kwanza. Hahitaji mjukuu amsomee. Anabonyeza, anasikiliza, anajibu kwa lugha yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani, akiwemo Timothy Baird, wamechunguza kwa miaka kadhaa matumizi ya simu katika jamii za Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Miongoni mwa waliyoyaandika ni kwamba simu imeingia hata katika kukabiliana na wanyamapori, na kwamba mara nyingi wanaume ndio huamua mke au binti ataitumia simu kwa kiasi gani. Hoja hiyo ya mwisho isipitwe haraka. Tangazo linalopatikana katika simu pekee linaweza kuishia mfukoni mwa mwenye simu.

Sauti ina upungufu wake pia. Barua ina nembo, ina kumbukumbu namba, ina tarehe, sahihi na muhuri. Sauti haina hata kimoja. Haisemi ilirekodiwa lini. Mtu akisema "kesho kutwa" katika ujumbe uliorekodiwa wiki tatu zilizopita, msikilizaji wa leo huhesabu kuanzia leo. Wala haiwezi kutafutwa kwa neno kama maandishi yanavyotafutwa, na kadiri inavyosambazwa ndivyo jina la aliyesema linavyopotea.

Katika desturi ya Wamaasai, habari, yaani ilomon, haitolewi hivi. Wasafiri wanaokutana huulizana: umetoka wapi, umepita wapi, mvua imenyesha wapi, mifugo ya fulani ikoje. Habari huja pamoja na aliyeibeba, na aliyeibeba huulizwa mpaka msikilizaji aridhike. Kwa maneno mengine, uhakiki wa taarifa si somo jipya lililoletwa Loliondo na semina. Ulikuwa sehemu ya salamu. Kilichobadilika ni kwamba ujumbe sasa husafiri bila msafiri, na hakuna wa kumuuliza.

Wilaya ya Ngorongoro ina kumbukumbu ya karibu ya nguvu ya habari inayokimbia. Mapema mwaka 2011, Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa dawa ya mitishamba katika Kijiji cha Samunge kwa shilingi 500 kwa kikombe. Wakati huo simu janja zilikuwa chache. Habari ilibebwa na magazeti, redio, televisheni, simu na ujumbe mfupi wa maneno, na bado ilivuka mipaka ya nchi katika muda mfupi. Foleni ya magari ilienea kwa kilomita nyingi katika barabara ya vumbi, na baadhi ya wagonjwa walifariki wakiwa bado wanangoja. Mwishoni mwa Machi mchungaji mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwanza mpaka waliokwisha kufika wapungue. Wataalamu wa afya nao waliwasihi wagonjwa wasiache dawa za hospitali.

Mwandishi wa makala haya haingii katika mjadala wa dawa ile. Linalohusu mada yetu ni ombi la kusitisha safari. Lilitolewa wakati maelfu wamekwisha kuuza mali, wamekwisha kukodi gari, wamo njiani. Marekebisho yalilazimika kuikimbiza habari ya kwanza iliyokuwa imetangulia siku nyingi. Mambo hayo yalitokea kabla ya makundi ya WhatsApp kuenea.

Kampuni inayomiliki WhatsApp imejaribu kupunguza kasi. Tangu Julai 2018, ujumbe uliosambazwa huwekewa alama inayoonesha kuwa aliyeutuma siye aliyeuandika. Januari 2019 idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja iliwekwa kuwa tano. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupitia mikono mingi, unaotambulika kwa mishale miwili, uliruhusiwa kusambazwa kwa mazungumzo moja tu kwa wakati. Mishale hiyo miwili haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema tu kwamba imetoka mbali na hakuna anayemjua mwenyewe. Kwa mwananchi, hicho ni kiashiria cha bure kisichohitaji kifurushi wala elimu ya kompyuta.

Kwa matangazo ya Serikali kuna viashiria vingine. Tovuti za taasisi za umma huishia na .go.tz. Cha kuangalia ni mwisho wa jina hilo, kabla ya mkwaju wa kwanza. Anuani yenye maneno "ajira" au "mikopo" mwanzoni na mwisho mwingine usiojulikana si ya Serikali, hata ikiwa imepambwa kwa nembo ya Taifa. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji fedha ili apate usaili. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi kupitia halmashauri, wala haipatikani kwa kutuma "ada ya fomu" kwenye namba ya mtu binafsi.

Picha ya barua yenye muhuri nayo si ushahidi kamili. Tarehe hubadilishwa kwa dakika chache katika simu. Na pengine hakuna haja ya kubadilisha chochote: barua halali ya mwaka juzi husambazwa upya na mtu asiye na nia mbaya, na watu wakasafiri kwenda Wasso kwa shughuli iliyokwisha zamani. Njia ya uhakika ni kuinakili kumbukumbu namba na tarehe, kisha kuiuliza ofisi iliyotajwa katika barua au ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Sheria ipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inalinda namba ya kitambulisho, picha na taarifa nyingine ambazo matapeli hupenda kuziomba. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya madhara kutokea. Ng'ombe waliokosa chanjo hawachanjwi na hukumu.

Kwa sababu hiyo sehemu ya wajibu iko kwa ofisi zenyewe, na hili linafaa kusemwa wazi katika ukurasa kama huu. Tangazo linalowekwa kwenye tovuti kama faili zito la kurasa sita, siku moja kabla ya tukio, huacha nafasi ambayo uvumi huijaza. Ofisi inayotaka kusikika Soitsambu ingeweza kurekodi tangazo lile lile kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, kwa sauti ya ofisa anayejulikana, akianza kwa kutaja jina lake, cheo chake, tarehe ya siku ile na kumbukumbu namba ya barua. Ni kazi ya dakika tatu. Sauti hiyo itasambazwa kama nyingine zote, ila itasafiri na mwenyewe, na yeyote atakayeitilia shaka atajua pa kuuliza. Mkutano wa kijiji na ubao wa matangazo visiondolewe, kwa ajili ya wale ambao simu ya boma si yao.

Kwa utapeli wa fedha, ambao wengi wanaujua kwa maneno "ile hela tuma kwenye namba hii", TCRA imetenga namba 15040. Mwananchi husambaza ujumbe wa tapeli kama ulivyo kwenda namba hiyo, kisha hufuata maelekezo yanayomtaka ataje namba iliyoutuma. Kwa wanaotaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao cha Taifa, hupigwa *106# na kufuata maelekezo. Huduma hiyo inapatikana hata kwenye simu ya kitochi, bila intaneti. Ikionekana namba usiyoitambua, itolewe taarifa kwa kampuni ya simu husika ili iondolewe katika usajili wako.