Kushawishi, Kushinikiza, Kushurutisha: Uteuzi wa Visawe vya Nguvu katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Aghalabu kamusi hueleza visawe kwa kuvirejesha vyenyewe kwa vyenyewe: “shurutisha” hufasiliwa kwa “lazimisha”, na “lazimisha” kwa “shurutisha”. Utaratibu huo humfaa anayetafuta maana ya jumla, lakini haumwambii mwandishi wa muhtasari wa mkutano wa kijiji, wala karani wa mahakama, ni neno lipi listahililo mahali gani. Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo kama Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, ambako Kinyaturu huzungumzwa nyumbani na wenyeji wengi, na Kiswahili ndicho cha ofisi, shule na baraza. Tendo lililotokea nyumbani huingia katika kumbukumbu za umma kwa kitenzi kimoja tu kilichoteuliwa.

2.0 Mipaka ya Maana

“Lazimisha” humwondolea mtendwa uchaguzi, na daima huwa na mtenda. “Lazimika” halihitaji mtenda: mkulima wa Mungaa aliyeuza mbuzi wake kwa sababu ya ukame alilazimika kuwauza, lakini hakulazimishwa na mtu. “Shurutisha” lina nasaba na “sharti”. Hapa uchaguzi upo, ila umefungiwa gharama: anayeambiwa atie saini ama anyimwe mbegu ameshurutishwa.

“Shinikiza” ni neno la chombo. Shinikizo ni mtambo wa kubana vitu, kama vile mbegu za mafuta, na uzito wake huongezwa kidogo kidogo; ndiyo maana utabibu ukapata “shinikizo la damu”. Singida, mkoa unaosifika kwa alizeti, tendo lenyewe huitwa kukamua. Hata hivyo, maneno hayo mawili yameachana katika sitiari. Aliyekamuliwa ametolewa mali au nguvu zake. Aliyeshinikizwa amebanwa ili atende jambo. La kwanza hutazama kinachotoka, la pili hutazama uzito unaoshuka.

“Shawishi” huelekea kwenye nia, si kwenye mwili. Lakini si neno lisilo na doa, kwani katika lugha ya Kanisa Katoliki “kishawishi” ni jaribu liletalo dhambi. Kwa hiyo afisa ugani husemwa kuwa amewahimiza au amewahamasisha wakulima. Akisemwa kuwa amewashawishi, msikilizaji huweza kuuliza alikuwa na faida gani.

Kipimo rahisi ni kuongeza neno “wakakataa”. “Wazee walishawishiwa, wakakataa” ni sentensi nyoofu. Vivyo hivyo “walishinikizwa, wakakataa”. Lakini “walilazimishwa kuhama, wakakataa” huleta mgongano, na msemaji hujisahihisha: “walitaka kulazimishwa”. Kulazimisha hubeba matokeo ndani yake. Kushawishi na kushinikiza huyaacha wazi.

3.0 Uzito wa Uteuzi

Katika andiko lake la 1967, Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na lengo likawa ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Baina ya miaka hiyo kitenzi kilibadilika. Mwanahistoria aandikaye kwamba kaya zilizohamishwa mwaka 1974 “zilihamasishwa” anaifuta amri. Naye aandikaye kwamba kaya zote “zililazimishwa” anawafuta waliotangulia kuhama kwa hiari yao.

Mahakamani uzito huo ni mkubwa zaidi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo mbele ya polisi liwe la hiari, na huliondolea hiari ungamo lililopatikana kwa tishio au kwa ahadi. Tishio ni shuruti. Ahadi ni kishawishi au rubuni. Shahidi akisema “walinibana”, karani akaandika “walinishauri”, kinga ya sheria imepotea katika neno. Marekebisho ya 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, yamepunguza hatua moja ya tafsiri, lakini hayakuondoa wajibu wa kuteua.

4.0 Hitimisho

Visawe hivi havitofautiani kwa ukali pekee. Hutofautiana kwa mambo matatu: kama yupo mtenda, kama mtendwa amebakiwa na uchaguzi, na kama tendo limekamilika. Mwandishi akishajibu hayo matatu, neno hujiteua lenyewe.