Si Kiungulia Mpaka Ithibitike

Mwanamume wa miaka 50 anaingia idara ya dharura akisema kifua kinamwaka moto tangu alipokula chakula cha usiku. Muuguzi tabibu aliyezoea kliniki ya familia atafikiria kiungulia, na mara nyingi atapatia. Kwenye dharura swali hugeuzwa: ni nini kinachoweza kumuua mtu huyu usiku huu? Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Damu ipimwe kuona kama msuli wa moyo umeumia, na baada ya saa chache ipimwe tena, maana moyo ulioanza kuumia sasa hivi huenda usijionyeshe kwenye kipimo cha kwanza. Je, mshipa mkuu umechanika? Kuna damu iliyoganda mapafuni? Hayo yakishaondolewa, moja baada ya jingine, ndipo kiungulia kitajwe.

Kufikiri hivyo hakuji kwa kusoma vitabu peke yake, ndiyo maana baadhi ya hospitali za Marekani hutoa mafunzo ya dharura kwa wauguzi tabibu waliokwisha kuhitimu. Kada hiyo, ya muuguzi anayetambua ugonjwa na kuandika dawa, ilianza 1965 Chuo Kikuu cha Colorado, kwa juhudi za muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Ilianzia kwenye afya ya watoto, mbali na ving'ora vya ambulensi. Hata leo wengi wanaoingia dharura wamesomea tiba ya familia. Viwango vya 2022 vya kuwafunza wauguzi tabibu vinadai angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa kabla ya kuhitimu. Daktari wa dharura, kwa kulinganisha, hufunzwa miaka 3 au 4 baada ya shahada ya udaktari.

Mafunzo ya dharura ya wauguzi tabibu kwa kawaida huchukua miezi 12 hadi 18, na mwanafunzi hulipwa mshahara. Hushona majeraha, hurudisha bega lililoteguka, hutafuta damu tumboni kwa altrasaundi. Hayo mikono huyazoea. Kigumu zaidi ni kumruhusu mgonjwa aende nyumbani, na hapo mkufunzi habanduki: umeondoaje ugonjwa wa moyo? Umemwambia arudi akiona dalili gani?

Sheria haimlazimishi mtu kuyapitia mafunzo haya. Mtihani wa umahiri wa dharura, ulioanza 2017, unaweza kufanywa pia na aliyefanya kazi dharura saa 2,000 na kupata masomo ya nyongeza. Mimi nasita hapo, kwa sababu saa hizo zote bila wa kukuhoji zinaweza kukuzoesha kosa lako mwenyewe. Muuguzi wa Kenya au Tanzania aliyeko Marekani akiniomba ushauri kabla ya kupokea kazi, namwambia aulize kwanza: saa tisa usiku, nani atakuwa kando yangu?