Usalama wa Mbwajumali si wa polisi peke yao

Ukiuliza Mbwajumali nani mwenye dhamana ya usalama, utaambiwa polisi. Jibu hilo halitoshi hata kwa sheria zetu wenyewe.

Chukua suala la unga unaowamaliza vijana wetu. Kumkamata muuzaji ni kazi ya polisi, walio chini ya serikali kuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti wa dawa za kulevya, pamoja na zimamoto na majanga. Baharini kuna Walinzi wa Pwani, waliozinduliwa 2018. Ufuoni kuna BMU, yaani wavuvi wenyewe. Na kijana huyo huyo ana mzazi, mwalimu na imamu wake.

Wasipokaa pamoja, matokeo tumeyaona. Baada ya watalii kutekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, wavuvi wa Lamu walipigwa marufuku kuvua usiku, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Hofu ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini mvuvi ndiye anayejua chombo kigeni kikiingia mkondoni. Kumtoa baharini usiku ni kujifumba jicho, mbali na njaa iliyoingia majumbani.

Meza ya kuwakutanisha ipo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana, au waziri wake wa kaunti. Ndani wamo wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi, wawakilishi wadi wawili, na raia wasiopungua sita: wa biashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, dini na vijana. Kazi yao ni kupendekeza polisi waanze na lipi, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kuendeleza polisi jamii.

Viti hivyo ni vya Lamu nzima, tangu Mpeketoni hadi Kiunga. Vikiishia kwa watu wa Amu mjini (na mambo mengi huishia huko), sisi wa kisiwa cha Pate tutabaki kuletewa maamuzi kwa boti.

Basi mwakilishi wadi akija barazani, wazee na barubaru wamuulize: mamlaka hiyo ilikutana lini mara ya mwisho, na nani wa Pate alikuwemo?