Shahada ya Mtandaoni: Uliza Kabla ya Kulipa

Masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao yamemfungulia mlango mama anayelea na binti asiye na uwezo wa kupanga chumba mjini. Hapa Kenya, Chuo Kikuu Huria kilipata hati yake rasmi mwaka 2023. Hata hivyo, wahenga walinena: vyaelea, vimeundwa. Kozi njema haiwi kwa kupachika maandishi na video mtandaoni tu.

Huko Marekani, mpango wa Quality Matters, uliochipuka Maryland mwaka 2003, hutumia jopo la wakaguzi watatu. Jambo kubwa wanalolitazama ni upatanifu: je, malengo, vifaa, mazoezi na mtihani vinakwenda pamoja? Kozi ikiahidi kufundisha uhasibu, kisha mtihani ukauliza maana za maneno tu, mwanafunzi atatoka na cheti bila ujuzi.

Kwetu, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo yenye dhamana ya ukaguzi. Basi, kabla ya kulipa, iulizeni habari ya chuo na pia ya programu yenyewe. Kisha kiulizeni chuo: mhadhiri hujibu maswali baada ya siku ngapi? Mtihani husimamiwa vipi? Maktaba ya mtandaoni ipo? Karo yote ni kiasi gani?

Karo hiyo huenda ikawa akiba ya miaka, au bangili za mama zilizouzwa. Chuo kinachoyakwepa maswali haya hakistahili amana hiyo.