Waya wa Meno: Ahadi ya Miaka Miwili

Katika mwambao wa Waswahili, mwanya baina ya meno mawili ya mbele ni pambo. Umesifiwa tangu enzi za mababu. Kwa hiyo mzazi anapompeleka mwanawe kwa daktari wa meno mjini Unguja, swali la kwanza si lini atafungwa waya, bali kama anauhitaji. Mwanya usiomsumbua mwenyewe hauna haja ya kutibiwa. Wanaohitaji tiba ni wale ambao meno yao ya juu yamechomoza sana, kwa kuwa huvunjika upesi mtoto aangukapo. Wale ambao meno yao yamebanana na kupandana hata mswaki haupiti. Wale ambao meno ya chini hutangulia ya juu. Na wale ambao meno ya mbele hayakutani, kama itokeavyo kwa mtoto aliyenyonya kidole kwa miaka mingi.

Samaki mkunje angali mbichi, na taya nalo hukubali zaidi linapokuwa bado linakua. Inafaa mtoto akaguliwe afikapo umri wa miaka 7, pale magego ya kwanza na baadhi ya meno ya mbele ya ukubwani yanapokuwa yameshaota. Kukaguliwa si kufungwa. Wengi husubiri hadi kati ya miaka 11 na 14, meno mengi ya utoto yakiisha kutoka. Mtu mzima naye hutibika, mradi fizi na mfupa wake ni mzima. Jambo moja wazazi hulisahau: gego la utoto likioza na kung'olewa mapema, meno ya jirani hulalia pengo, na jino la ukubwani hukosa njia. Kutunza meno ya utoto ni sehemu ya kupanga meno.

Kabla ya waya, mgonjwa hupigwa picha za eksirei, huchukuliwa umbo la meno yake, huzibwa matobo na husafishwa ukoga. Pengine daktari hushauri kung'oa jino moja au zaidi ili kupata nafasi. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa sababu kabla ya kukubali.

Siku ya kufungwa haina sindano. Uso wa kila jino hupakwa dawa yenye tindikali kidogo, huoshwa na kukaushwa, kisha hugandishwa kibandiko kidogo kiitwacho braketi, kwa gundi inayokaushwa kwa taa ya buluu. Waya hupitishwa juu ya braketi hizo na kushikizwa kwa vipira. Waya wa mwanzo mara nyingi ni wa nikeli na titani, madini ambayo yakikunjwa hutaka kurudi kwenye umbo lake la asili. Nguvu hiyo ndogo ndiyo inayolisukuma jino: upande mmoja mfupa wa taya huyeyushwa, upande wa pili hujengwa mpya. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana tiba huchukua kiasi cha miezi 18 hadi 24, na ndiyo maana kuivuta kwa nguvu zaidi huweza kudhuru mizizi.

Maumivu huanza baada ya saa chache na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja. Dawa ya parasetamoli, kwa kipimo cha umri, hutosha wengi. Siku hizo uji, bokoboko, mchuzi wa samaki na wali laini ndivyo vyakula vya kufaa. Braketi inayokwaruza shavu hufunikwa kwa nta maalumu. Matamshi huweza kubadilika kidogo kwa siku chache. Mwanafunzi wa chuoni anayechunga makhraji ya herufi asiingiwe na hofu, kwani ulimi huzoea.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya mgonjwa. Kashata, ubuyu wenye kokwa, muwa wa kutafuna, bisi na barafu hung'oa braketi. Kila inayong'oka huchelewesha tiba. Embe na mahindi yasing'atwe kwa meno ya mbele, bali yakatwe au yapukuchuliwe. Tende huganda, basi itolewe kokwa, iliwe wakati wa chakula, na meno yapigwe mswaki baadaye. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari na baada ya daku ni nyakati zisizokosekana. Manjano ya kwenye mchuzi na urojo hutia rangi vipira vyeupe. Hilo ni aibu ya macho tu, vipira hubadilishwa.

Lililo zito ni ukoga. Ukibaki kando ya braketi, madoa meupe huweza kutokea kwenye jino ndani ya wiki 4 tu, na mengine hayafutiki. Dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku, na kibrashi chembamba cha kupita chini ya waya, ndiyo kinga.

Mgonjwa huonwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Hapa ndipo safari nyingi hukwama. Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache Tanzania nzima, na wengi wako Dar es Salaam, mwendo wa takriban saa 2 kwa boti ya kasi. Kwa mtoto wa Nungwi au Makunduchi, kila miadi ni nauli na siku ya skuli. Basi kabla ya kuanza, familia iulize: nani atamwona mtoto kila mwezi, na wapi? Bei ni pamoja na miadi yote na kifaa cha mwishoni? Waya ulioachwa bila kuangaliwa huendelea kusukuma pasipo mwongozo.

Mhudumu wa kituo cha afya anaweza kusaidia: waya unaochoma ufunikwe nta, braketi iliyolegea isichokonolewe, mgonjwa apewe rufaa. Uvimbe, usaha au jino linalocheza kupita kiasi havisubiri miadi. Na vijana waonywe wasijifunge mpira wa kawaida kwenye meno kuziba mwanya. Mpira hupanda chini ya ufizi hadi kwenye mzizi, na jino zima huweza kupotea.

Waya ukitolewa, meno hutamani kurudi yalikotoka. Kwa hiyo hutolewa kifaa cha kuyashikilia, ambacho kwa kawaida huvaliwa muda mwingi mwanzoni, kisha usiku kwa miaka. Asiyekivaa huweza kuyaona meno yake yakipandana tena kidogo kidogo. Tabasamu lililonyooka, basi, hulindwa pia usiku, kitandani, miaka mingi baada ya waya kusahauliwa.