Waziri Aliyepoteza Kiti

Ukizungumza na watu wa Guta, huku mwambao wa Ghuba ya Speke, kuhusu mtu mashuhuri aliyewahi kuanguka, utapewa moja ya majibu mawili. Wazee wengi watakwambia alirogwa. Vijana wana jibu lililovaa suti, wamelinunua kwa kiingilio kwenye semina za hamasa: alianguka ili afanikiwe, kwa hiyo na wewe ukianguka shangilia. Kwangu majibu haya ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanamwondolea mtu kazi ya kuuliza nini hasa kilitokea.

La semina linaniudhi zaidi, maana linajidai elimu. Mhamasishaji anakupangia orodha ya mabingwa walioshindwa kwanza, kisha anahitimisha kwamba kushindwa huzaa ubingwa. Wale walioshindwa wakaishia hapohapo hawamo katika orodha yake, na ndio wengi. Mganga naye humtaja mteja aliyepona tu.

Nilikusudia kuwagawia nafasi sawa watu watatu: Filbert Bayi, Paul Bomani na Mwalimu Nyerere. Bayi hachukui muda. Februari 1974, kule Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka 1976 hakukimbia Olimpiki ya Montreal kwa sababu Tanzania ilisusia michezo ile. Wapo wanaoliweka hilo katika mafungu ya kushindwa. Mtu ambaye hakusimama kwenye mstari ameshindwaje? Mwaka 1980 Moscow alirudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Bomani ndiye wa kukaa naye. Alizaliwa Ikizu mwaka 1925, na Ikizu si mbali na hapa. Kabla ya siasa alikuwa mtu wa ushirika, na ushirika wa pamba hauelewi asiyeelewa mizani, kwa hiyo vumilia kidogo. Mkulima alivuna, akachambua nyumbani kwa mkono: pamba safi huku, fifi kule, maana bei zake hazilingani. Akabeba mzigo hadi kituo cha kununulia. Pale, jasho lote la msimu lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayesoma mshale. Mshale ukisomwa pungufu ratili chache, mkulima asiyejua kusoma hana pa kukata rufaa. Ratili hizo ukizijumlisha kwa kila mzigo wa msimu mzima, unapata mali. Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakutafuta dawa ya kumloga mnunuzi. Waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni, na kutokana na ukaguzi huo vikakua vyama vya msingi. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Bomani akiwa kiongozi wake. Kufikia uhuru, pamba ya ukanda huu ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika, na shirikisho lilikuwa na viwanda vyake vya kuchambulia.

Mtu huyo akawa Waziri wa Fedha. Septemba 1965 nchi ikafanya uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja: wagombea wawili wa TANU karibu katika kila jimbo, mmoja alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Bomani akapoteza kiti cha ubunge. Baba wa ushirika wa pamba, Waziri wa Fedha, ameangushwa na kura! Hapo ndipo wa hirizi na wa semina wote hupata la kusema. Mimi naanzia kwingine: waziri wa fedha ndiye sura ya kodi, anaishi Dar es Salaam, na safari hii mpigakura alikuwa na mtu wa pili wa kumchagua bila kukihama chama.

Na alirudije? Semina itajibu kwamba hakukata tamaa. Ukweli ni kwamba Rais alikuwa na mamlaka ya kuteua wabunge, naye Nyerere akamteua, akampa wizara nyingine. Baadaye akawa balozi Marekani. Uwezo wake siukatai, lakini kilichomdaka ni kifungu cha sheria na rafiki mwenye kalamu. Shirikisho lake halikupata bahati hiyo: baada ya tume ya 1966 kuchunguza ushirika nchini, lilipanguliwa, mahali pake pakawekwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Nyerere sasa amebakiwa na nafasi finyu, nayo inatosha. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mamlaka za serikali. Miaka ya themanini Mwalimu alisema hadharani kwamba, kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Wahamasishaji wanaipenda sana kauli hiyo. Wanaiita unyenyekevu wa mtu mkubwa, na pengine ni kweli. Mimi huuliza nani aliilipia ile miaka sita, hadi sheria ya 1982 iliporudisha vyama. Aliilipia mkulima aliyefika kituoni na mzigo wake, asiwe tena na chama kikuu cha kumsemea. Yeye hakuteuliwa na mtu kushika wizara nyingine.