Mgeni Mdogo wa Ziwa Singidani

Wengi wetu twalijua Ziwa Singidani, lililo kando ya mji wa Singida, kwa ajili ya heroe wake wenye rangi ya waridi. Lakini na tuyatazame pia matope ya ukingoni. Hapo hukimbia ndege wadogo waitwao vitwitwi, wakidonoa wadudu pasipo kupumzika.

Miongoni mwao yumo kitwitwi mdogo, ambaye uzito wake ni kama gramu 25 tu. Huyu hakuzaliwa kwetu. Hutaga mayai yake kaskazini kabisa mwa Norwei na Urusi, karibu na Bahari ya Aktiki. Huko miti haioti, na ardhi ya chini imeganda daima. Kiangazi chake ni kifupi, lakini jua halichwi kwa majuma mengi. Wadudu huzaliana kwa wingi, na makinda hushiba. Baridi irudipo, ndege huyu husafiri maelfu ya kilomita mpaka kwetu.

Ifikapo Aprili hana budi kunenepa, kwa maana mafuta ya mwilini ndiyo masurufu yake ya safari ya kurudi. Kila afukuzwapo kwa jiwe au manati, hupungukiwa chakula na nguvu pia.

Basi, wazazi, tuwafundishe watoto wetu kumtazama kwa mbali. Sisi tujuao kumkirimu msafiri afikaye mlangoni, yafaaje tumnyime mgeni huyu riziki aliyoandaliwa na Muumba wake?